CV ya mbunifu wa mafunzo anayeanza: ya mfuatano, ya ujuzi au ya mseto?

Matangazo ya kazi ya kubuni mafunzo kwa anayeanza yanafanana sana. Ajue kuandika malengo ya kujifunza. Aweze kukaa na mtaalamu mwenye shughuli nyingi, amsikilize, kisha ageuze maelezo yake yawe somo. Ajue walau programu moja ya kutengenezea kozi za mtandaoni. Halafu chini kabisa, uzoefu wa mwaka mmoja au miwili. Hapo ndipo walimu, wawezeshaji wa asasi na wahitimu wapya wanapokwama: kazi ya namna hiyo wameifanya, ila hakuna aliyewahi kuiita hivyo. Kwa hiyo kabla ya kuhangaika na fonti na rangi, kuna uamuzi mmoja wa kufanya. CV ianze na ajira ulizopitia, na ujuzi ulio nao, au na vitu ulivyotengeneza?

Nitalinganisha mipangilio mitatu kwa mwombaji mmoja wa kufikirika: wa mfuatano wa ajira, wa ujuzi, na wa mseto unaotanguliza miradi. Tuseme ni mwalimu wa baiolojia katika sekondari ya kata mkoani Morogoro, ana shahada ya ualimu na miaka minne darasani. Jioni ametengeneza masomo mafupi mawili kwa H5P, programu ya kutengenezea mazoezi ya kubonyeza, na kuyaweka kwenye Moodle, mfumo wa kuendeshea kozi za mtandaoni. Hajawahi kushika cheo chenye maneno "ubunifu wa mafunzo". Niseme mapema ninakoegemea: kwa mtu kama huyu mseto unashinda, na mpangilio wa ujuzi mtupu ndio unaomwangusha, ingawa ndio anaoshauriwa mara nyingi kila anayetaka kubadili fani.

Mfuatano wa ajira

Huu ndio tuliouzoea. Kazi ya sasa juu, ya zamani chini, elimu, wadhamini. Faida yake kubwa ni kwamba hakuna anayeuliza maswali: anayechuja maombi anajua jicho alipeleke wapi, na programu za kuchuja zinazotumiwa na kampuni kubwa zinausoma bila taabu. Kwa mwalimu wetu, lakini, nusu ya kwanza ya ukurasa itasomeka hivi:

> Mwalimu wa Baiolojia, Januari 2021 hadi sasa. Kufundisha kidato cha kwanza hadi cha nne. Kuandaa azimio la kazi na maandalio ya masomo. Kutunga na kusahihisha mitihani. Mlezi wa klabu ya mazingira.

Hakuna uongo hapo, na hakuna msaada pia. Azimio la kazi ni ramani ya kozi ya muhula mzima: malengo, muda, zana, upimaji. Jedwali la utahini ndilo linalohakikisha kwamba mtihani unapima kilichofundishwa na si kitu kingine. Mwalimu anaifanya kazi ya mbunifu wa mafunzo kila muhula, ila anaiandika kwa majina ambayo yana maana ndani ya ofisi ya walimu tu. Meneja wa mafunzo wa benki hajui azimio la kazi ni nini na hatauliza. Ataendelea na CV inayofuata.

Ukilazimika kutumia mpangilio huu, usiguse vichwa, badilisha mistari:

> Nilipanga kozi ya mwaka mzima kwa madarasa manne: malengo, muda, zana na upimaji. Kila mwisho wa muhula niliangalia maswali yaliyowashinda wengi na kupanga upya mada husika. Nilitunga mitihani kwa jedwali la utahini linalofunganisha kila swali na lengo lake.

Kazi ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba sasa anaonekana mtu anayepanga, anayepima na anayerekebisha.

Walimu wa Kenya wana la ziada hapa. Aliyefundisha chini ya mtaala wa umilisi, ulioanza kitaifa mwaka 2019 katika madarasa ya chini ya msingi, ameshika upimaji wa vigezo kwa mkono wake, na hilo ni jambo ambalo wabunifu wengi wa mafunzo hulijua kwa kusoma tu. Liandikwe wazi, lisijifiche nyuma ya "nilifundisha Gredi ya 4".

Kuna watu ambao mfuatano unawafaa kuliko mpangilio mwingine wowote. Mwezeshaji aliyetumia miaka miwili kuwafundisha wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Mhudumu wa kituo cha simu aliyegeuka kuwa anayewafundisha wageni wote wanaoajiriwa. Cheo chao tayari kinasema walichofanya. Hawa wakianza kuchanganya mipangilio wanaificha hazina yao wenyewe.

Mpangilio wa ujuzi

Hapa ajira zinasukumwa chini, na juu yanakaa mafungu: Mawasiliano, Uongozi, Teknolojia, Ubunifu. Chini ya kila fungu vistari vitatu. Unavutia kwa sababu unamruhusu mwalimu wetu kuandika "ubunifu wa mafunzo" kwa herufi nene bila kulitaja darasa.

Tatizo lake ni kwamba kila mstari unaelea. "Uzoefu wa kubuni maudhui shirikishi": wapi, kwa nani, lini? Anayechuja maombi mengi amejifunza kwamba CV inayoficha tarehe inaficha jambo, na hata kama huna cha kuficha umeshajitia kwenye kundi hilo. Programu za kuchuja nazo hupata shida, kwa kuwa zimetengenezwa kutafuta cheo, mwajiri na tarehe vikiwa pamoja.

Halafu kuna ile orodha. ADDIE, SAM, Bloom, Kirkpatrick, majina ya mifumo ya kubuni na kupima mafunzo, yote kwenye mstari mmoja. ADDIE, yaani hatua tano za kubuni mafunzo zinazoanza na uchambuzi, ilitokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida kwa ajili ya jeshi la Marekani mwaka 1975. Ngazi za Bloom za kupanga malengo ya kujifunza ni za mwaka 1956, zikafanyiwa marekebisho mwaka 2001. Kila anayeomba kazi hizi amekutana nazo kwenye kozi ya kwanza aliyosoma, kwa hiyo kuzitaja hakumtofautishi na mtu yeyote. Kinachotofautisha ni sentensi inayoonyesha uchambuzi ulifanyika, kwa mfano kwamba kabla ya kuandika somo ulikaa na wauza duka watano ukagundua shida yao haikuwa kutojua hesabu bali kutoandika mauzo ya mkopo. Msomaji anayejua fani ataiona ADDIE humo bila kutajiwa. Asiyeijua ataelewa pia.

Nikiulizwa nani auchague, jibu langu ni karibu hakuna. Pengine mtu mwenye mapengo marefu ya ajira anayepeleka CV kwa mkono kwa mtu anayemfahamu. Hata yeye mseto ungemtendea mema zaidi.

Mseto, miradi ikitangulia

Mpangilio wake: jina na mawasiliano, utangulizi wa mistari miwili au mitatu, miradi miwili au mitatu, ajira kwa mfuatano wenye tarehe kamili, elimu, programu unazozijua. Hakuna kilichofichwa, ila kinachotangulia ni kile ulichotengeneza.

Uzito wote unakaa kwenye miradi. Huu hapa mradi wa mwalimu wetu kama walimu wengi wanavyoandika kwa mara ya kwanza:

> Nilitengeneza kozi ya kisasa ya kidijitali yenye kuvutia kuhusu hadubini kwa kutumia H5P, iliyoboresha uelewa wa wanafunzi kwa asilimia 40.

Na huu hapa baada ya kuandikwa upya:

> Matumizi ya hadubini, somo la dakika 20, kidato cha kwanza. Shule ina hadubini mbili kwa darasa la wanafunzi 60, na kipindi cha maabara kilikuwa kinaishia kwenye maelezo. Nilitengeneza somo la H5P lenye picha ya hadubini ambayo mwanafunzi anabonyeza sehemu zake, zoezi la kupanga hatua kwa utaratibu, na maswali sita. Wanafunzi walilipitia kwenye chumba cha kompyuta kabla ya maabara. Baada ya kundi la kwanza nilipunguza maneno na kuongeza picha ya kosa la kushusha lenzi hadi kugusa kioo, kwa sababu ndilo walilorudia. Kiungo: ...

Wa pili ni mrefu zaidi, na mwenye huo ndiye ningemwita kwanza kwenye usaili. Una shida, una mlengwa, una kitu kilichotengenezwa, una kilichobadilishwa baada ya kuonekana kinatumika. Hauna asilimia hata moja. Ile asilimia 40 ya kwanza ni mtego, kwani swali la kwanza kwenye usaili litakuwa "ulipima vipi?", na mtu aliyeitoa hewani anaonekana usoni. Kama ulifanya jaribio kabla na baada ya somo, andika alama za pande zote mbili na idadi ya waliofanya. Kama hukufanya, andika ulichokiona na ulichokirekebisha. Inatosha kabisa kwa anayeanza.

Utangulizi nao una njia mbili. "Mtaalamu mchapakazi mwenye ari anayetafuta nafasi yenye changamoto katika taasisi inayokua" unaweza kubandikwa kwenye CV ya mhasibu, ya dereva na ya muuguzi bila kubadilisha neno. Linganisha na huu: "Mwalimu wa baiolojia wa miaka minne, ninatengeneza masomo mafupi ya mtandaoni kwa mazingira yenye vifaa vichache na intaneti ya kubahatisha. Ninaandika maudhui kwa Kiswahili na Kiingereza." Asasi inayotaka kozi zake zifike Kigoma au Turkana itasimama hapo.

Hiyo sehemu ya lugha wengi huitupa mwisho wa ukurasa kama pambo: Kiswahili, vizuri sana. Kwa kazi hii lugha ni chombo cha kazi. Ukiwa umewahi kuandika au kutafsiri maudhui ya mafunzo, useme ulifanya nini na kwa walengwa gani. CV yenyewe iandike kwa lugha ya tangazo, ambayo mara nyingi itakuwa Kiingereza, hata kama mifano yangu hapa ni ya Kiswahili.

Vipi mhitimu mpya ambaye hata mwaka mmoja wa ajira hana? Mseto bado, na mradi mmoja uwe wa mafunzo tarajali au mazoezi ya kufundisha, mwingine uwe wa kujitolea. Msikiti, kanisa, chama cha wanafunzi, kikundi cha VICOBA, wote wana kitu wanachokieleza kwa watu wapya kila mara kwa mdomo. Kigeuze kuwa somo la dakika kumi, uwape walitumie, kisha uandike kilichotokea.

Kwa kifupi, kwa anayependa kuona vitu vikiwa ubavu kwa ubavu:

| | Mfuatano | Ujuzi | Mseto |
|---|---|---|---|
| Kinachoonekana kwanza | Vyeo na waajiri | Mafungu ya sifa | Miradi |
| Programu ya kuchuja | Inausoma vizuri | Hupata shida | Inausoma, tarehe zikiwa kamili |
| Swali analobaki nalo msomaji | Je, ameshabuni mafunzo? | Alifanya wapi, lini? | Niione kazi yenyewe |
| Unamfaa | Mwezeshaji, mkufunzi wa kazini | Wachache mno | Mwalimu, mhitimu mpya |

Serikalini na kwa mwajiri wa mbali

Mseto wa ukurasa mmoja haufai kila mlango. Ukiomba nafasi ya serikali Tanzania kupitia Ajira Portal, tuseme ya mkuza mitaala au afisa mafunzo, tangazo litakutaka utoe maelezo binafsi yanayojitosheleza na majina ya wadhamini watatu wa kuaminika. Litakukumbusha pia kwamba hati za matokeo za muda hazikubaliki, vyeti vyenyewe ndivyo vinavyotakiwa. Hapo ufupi si sifa. Taarifa zinajazwa kwenye mfumo sehemu kwa sehemu, na mfuatano wa ajira wenye tarehe zisizo na mapengo ndio unaotakiwa. Miradi yako ipenyeze kama mistari chini ya ajira husika, na kwenye barua ya maombi.

Kampuni ya Marekani, Kanada au Uingereza inayoajiri wa kufanyia kazi nyumbani inataka kinyume chake karibu kwa kila jambo. Ukurasa mmoja kwa anayeanza. Picha usiweke. Tarehe ya kuzaliwa, hali ya ndoa, dini, idadi ya watoto, vyote viondoke, kwani waajiri wa huko wanaogopa kushtakiwa kwa ubaguzi na wengine hawapendi hata kuvisoma. Wadhamini wanaombwa baadaye. Na elewa kwamba Mmarekani akisema CV anafikiria waraka mrefu wa mwanazuoni wenye machapisho yote. Anachotaka kwa kazi hii anakiita "resume".

Kwa hiyo tunza nyaraka mbili: moja ndefu yenye kila kitu, ambayo hutumi popote isipokuwa serikalini na vyuoni, na moja fupi unayoikata kutoka kwenye ile ndefu kwa kila tangazo. Kutafuta nako kuna ujanja wake, maana kazi hii haina jina moja. Tafuta "Instructional Designer", lakini pia "Learning Designer", "eLearning Developer", "Curriculum Developer" na "Training Officer". Soma majukumu kabla ya kichwa. Kuna "Training Officer" anayebuni mafunzo tangu mwanzo, na kuna anayekodi ukumbi na kuagiza chai.

Canva au Word

Violezo vya Canva vina nguzo mbili, duara la picha na vile vistari vya kujaza vinavyoonyesha Storyline (programu ya kutengenezea kozi za mtandaoni) asilimia 80, PowerPoint asilimia 95. Sijui asilimia 80 ya Storyline inafananaje, na nadhani aliyeandika hajui pia. Zaidi ya hilo, programu ya kuchuja inaweza kuzisoma nguzo mbili kwa kuvuka, ikaunganisha jina la shule na namba yako ya simu. Kwa maombi ya mtandaoni tumia Word au Google Docs, nguzo moja, vichwa vya kawaida, na mawasiliano ndani ya ukurasa wenyewe badala ya ile sehemu ya juu (header) inayojirudia kila ukurasa. Kama unaandikiwa steshenari, waambie hivyo kabla hawajafungua kiolezo chao chenye fremu ya dhahabu.

Hoja ya kwamba mbunifu wa mafunzo lazima aonyeshe jicho la ubunifu ni ya kweli, ila jicho hilo linaonekana kwenye nafasi nyeupe na mpangilio unaosomeka. Mbwembwe zipeleke kwenye potifolio, yaani mkusanyiko wa kazi zako unaofunguka kwa kiungo.

Potifolio: programu ipi

Tangazo likitaja Storyline au Rise, vyote vya Articulate, usivunjike moyo kwa bei ya leseni inayozidi dola 1,000 kwa mwaka. Kuna majaribio ya bure ya siku 30. Andaa storibodi (mchoro wa somo skrini kwa skrini), maandishi na picha zote kabla ya kuanza kuhesabiwa siku, kisha tengeneza somo moja zuri na uhifadhi faili zilizotolewa kabla muda haujaisha. Storyline inafanya kazi kwenye Windows tu, kwa hiyo mwenye Mac ajipange. Kwenye CV useme ukweli: somo moja kwa Storyline, si "mtaalamu wa Storyline".

H5P na Moodle ni za bure na hazina saa inayokimbia. Vyuo na asasi nyingi za kwetu zinatumia Moodle, kwa hiyo kwa mwajiri wa Dar es Salaam au Nairobi somo lako la H5P linaweza kuwa na uzito kuliko la Storyline, wakati kwa kampuni ya Marekani mara nyingi ni kinyume. Ukiwa na nguvu za kutengeneza kimoja tu, angalia matangazo unayoyaomba yanataja nini, halafu chagua hicho.

Masomo mawili yaliyokamilika yanashinda saba yaliyoachwa njiani. Chini ya kila somo weka aya fupi: shida ilikuwa nini, kwa nini ulichagua njia hiyo, ungebadilisha nini. Kama mradi ulikuwa wa mwajiri, omba ruhusa au utengeneze toleo lisilo na jina wala nembo yake. Picha za wanafunzi ziondoe, hata kama mzazi hajalalamika. Kisha kiungo kifungue kwenye simu ya mtu mwingine, kwa bando lake, akiwa hajaingia kwenye akaunti yako. Ukurasa ukimwambia aombe ruhusa ya kufungua, rekebisha mipangilio kabla ya kutuma maombi.